Kupima asili kwa DNA ukiwa Dodoma: wazee kwanza, mate baadaye

Ndugu amerudi likizo kutoka ughaibuni, na kwenye begi ana kisanduku: kichupa cha kutemea mate, bahasha ya kurudishia, na maneno juu ya kifuniko yanayoahidi kwamba baada ya wiki kadhaa mtajua mmetoka wapi. Sebule ya Area C imejaa watu. Shangazi anataka kipimo kimalize ule ubishi wa miaka yote, kama ukoo ni wa Wagogo wa tangu zamani au ulitokea Uhehe. Hakitaumaliza. Kuna mambo mengine kinayaweza, na baadhi ni mazito kuliko swali la shangazi, lakini hilo lake hakiliwezi.

Ninayoandika hapa ni kwa familia za Dodoma, Singida na majirani zao ambazo zimeletewa kisanduku hicho au zinafikiria kukinunua. Nimepanga hatua kwa makusudi: kutema mate kumewekwa karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Andika swali lako

Liandike kwenye karatasi, sentensi moja tu. Ukishindwa kuliandika, hela yako iache mfukoni.

Kama swali ni "mtoto huyu ni wa nani", funga kisanduku. Jambo hilo lina njia yake. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi dirishani peke yako na mtoto mkononi. Maombi hupitia kwenye mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili, na sampuli huchukuliwa mbele ya mtu anayethibitisha ni ya nani. Kichupa cha kununua mtandaoni hakina uthibitisho huo. Mtu anaweza kutema mate ya jirani na kampuni isijue. Hakimu wa mirathi hatahangaika nacho.

Kama swali ni ugonjwa unaotembea katika familia, nenda hospitali. Selimundu, kwa mfano, hupimwa kwa damu hapa hapa nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inaitibu. Huna sababu ya kutuma mate ng'ambo.

Yanabaki maswali mawili: "tuna ndugu gani tusiowajua?" na "asili yetu ni wapi?" La kwanza kipimo hulijibu vizuri. La pili hulijibu kwa kubahatisha, ila majibu huja yameandikwa kwa asilimia na rangi za ramani, kwa hiyo yanaonekana kama hesabu ya benki.

Hatua ya 2: Elewa kinachofanyika maabara

DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni tatu. Kipimo cha nyumbani huangalia sehemu kama laki sita au saba kati ya hizo, zile ambazo watu hutofautiana. Baada ya hapo kompyuta hufanya kazi mbili.

Kazi moja ni kukulinganisha wewe na kila mteja mwingine wa kampuni hiyo, kipande kwa kipande, na kujumlisha urefu wa vipande mnavyofanana. Hiyo ni kuhesabu. Ikisema fulani ni mama yako au ndugu yako wa tumbo moja, amini, mradi vichupa havikuchanganywa.

Kazi ya pili ni kukisia asili. Kampuni ina kundi la watu walio hai leo iliowachagua wawakilishe eneo fulani, na inauliza: vipande vya huyu mteja vinafanana zaidi na vya nani kati ya hawa? Ukibadilisha kundi, jibu linabadilika. Ndiyo maana mteja anaweza kulala na asilimia hizi, kampuni ikaboresha orodha yake, akaamka na nyingine bila kutema tena. Mwaka 2019 televisheni ya CBC ya Canada ilionyesha pacha wa kufanana waliopima kwenye kampuni tano. DNA yao ni ileile, lakini majibu yalitofautiana kampuni kwa kampuni, na mengine yalitofautiana hata kati ya pacha hao wawili.

Sasa tujitazame sisi. Katikati ya Tanzania, ndani ya safari ya basi ya siku moja, utakutana na Wagogo, Warangi na Wanyaturu wanaosema lugha za Kibantu, Waburunge na Wairaqw wa Kikushi, Wabarabaig na Wamaasai wa Kinailoti, na Wasandawe ambao lugha yao ina sauti za kudokoa ulimi na haimo katika makundi hayo matatu. Sehemu chache duniani zina mchanganyiko wa namna hii, na watafiti wanalijua hilo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2009 uliopima jamii 121 za Afrika ulichukua sampuli Tanzania pia, Wasandawe wakiwemo. Lakini sampuli za watafiti hazihamii zenyewe kwenye orodha za kampuni. Mradi wa Jinomu 1000, ambao data zake ziko wazi na hutumiwa sana kama mizani, una jamii moja tu ya Afrika Mashariki: Waluhya wa Webuye, Kenya. Hakuna hata jamii moja ya Tanzania.

Kwa hiyo Mgogo wa Mvumi anaweza kuambiwa anafanana na watu wa magharibi ya Kenya. Babu yake huenda hakuwahi kuvuka Kilimanjaro. Waliokuwepo wa kulinganishwa naye ni hao.

Hata kama kesho kampuni zingekusanya mate Bahi nzima, swali la shangazi lisingekwisha. Wagogo wenyewe husimulia koo zao kwamba zilikuja kutoka pande tofauti, nyingine Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine Ukaguru, zikakaa nchi moja kavu, zikafuga, zikaoana, zikawa Wagogo. Mathias Mnyampala, mwandishi mzaliwa wa hapa, alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954. Ukoo ukiwa umetokea Uhehe vizazi vinane nyuma na tangu hapo ukaoa Ugogo, ni wa wapi? Mezani pa wazee hilo linajibika. Maabara haina la kusema.

Kipimo huona vizuri zaidi kilichotoka mbali. Kondoa na Mpwapwa kuna familia zinazosema babu yao alikuja na misafara ya pwani, Mwarabu au Mbaluchi. Tofauti ya Arabuni na Afrika huonekana kwenye DNA kwa urahisi kuliko ya Mgogo na Mkaguru. Hapo fanya hesabu kabla: mzazi hukupa nusu, babu au bibi kwa wastani asilimia 25, mzazi wa babu 12.5, babu wa babu 6.25. Ikiwa simulizi ya familia ni kwamba babu wa babu alikuwa Mwarabu na kipimo kikaleta asilimia 4 au 9, simulizi imesimama. Kikileta sifuri kwa mtu wa vizazi saba nyuma, hakijakanusha kitu, kwa sababu mhenga wa mbali hivyo anaweza kuwa wako kweli na asikuachie kipande kinachoonekana.

Hatua ya 3: Kaa na wazee

Hii ndiyo hatua inayokuwa na haraka kuliko zote, maana maabara itakuwepo mwakani.

Nenda na mtu anayekijua Kigogo, Kirangi au Kinyaturu cha ndani. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa. Usianze na "asili yetu ni wapi"; utapewa jibu la heshima lililozoeleka. Uliza vitu vinavyoshikika. Baba yako alizikwa wapi, na baba yake? Mwiko wa ukoo ni upi, nani mwingine ana mwiko huo? Ni watu gani ni watani wetu, na utani ulianzaje? Kisha uliza habari za mahari: bibi alipoolewa, ng'ombe walitoka kwa nani, wakagawiwa akina nani? Mzee anayesahau mwaka wa kuzaliwa mwanawe mara nyingi anakumbuka ng'ombe mmoja mmoja, rangi yake na aliyempokea. Katika mgawo huo wajomba, baba wadogo na koo zilizounganishwa hujipanga zenyewe. Kwangu mgawo huo unazidi orodha yoyote niliyowahi kuona.

Miaka usiiulize kwa tarakimu. Tumia matukio. Mtunya, ile njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920 iliyokuja baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo. Ujenzi wa reli ya kati, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Mradi wa karanga wa Kongwa, uliokufa mwaka 1951. Uhuru. Kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. Muulize mzee alikuwa anachunga, ameoa, au hajazaliwa.

Kila tukio kati ya hayo lilihamisha watu, na hapo ndipo utakapokuta mapengo. Wakati wa Mtunya familia zilitawanyika, na watoto waliachwa kwa watu wenye chakula wakalelewa huko. Mtoto wa namna hiyo alipata ukoo, akapata mahari, akazikwa kama mwana. Leo wajukuu zake hawajui, au wanajua na hawasemi. Ukigusa habari hiyo, gusa taratibu, na kama mzee amenyamaza usimlazimishe.

Kongwa inahitaji aya yake. Mbali na mradi wa karanga ulioleta vibarua kutoka mikoa mingi, miaka ya 1960 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Vijana wakikaa mahali kwa miaka huacha watoto. Kama katika familia yenu kuna mzee ambaye baba yake "aliondoka na wenzake kwenda kusini", hiyo ni kesi nzuri kwa kipimo kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu swali ni la ndugu wa karibu, na huko kusini anaweza kuwepo mpwa au mjukuu aliyekwisha kupima.

Hatua ya 4: Karatasi

Rejista za ubatizo na ndoa: Waanglikana Mvumi, Mpwapwa na Kilimatinde, Wakatoliki Bihawana na Kondoa. Rejista hutaja wazazi, na mara nyingi wasimamizi, ambao kwa kawaida walikuwa ndugu au majirani. Omba kwa paroko au kasisi kwa adabu, nenda siku isiyo Jumapili. Kwa familia za Kiislamu tafuta vyeti vya ndoa na mwalimu mzee wa madrasa. Vyeti vya RITA husaidia kwa vizazi vya karibu tu. Jihadhari na tarehe ya kuzaliwa ya tarehe 1 Januari au 1 Julai, mara nyingi karani aliibuni.

Hatua ya 5: Chagua atakayetema, kisha chagua kipimo

Kijana aliyenunua kisanduku asijipime yeye. Kila kizazi hupoteza nusu, kwa hiyo bibi wa miaka 85 ana vipande ambavyo mjukuu hana na hatakuwa navyo. Kama pesa inatosha kichupa kimoja, kiwe cha mzee kuliko wote anayekubali.

Vipimo ni vya aina tatu. Cha kawaida husoma DNA ya pande zote na ndicho cha kutafutia ndugu. Cha kromosomu Y hufuata baba, baba wa baba, na kuendelea. Ni cha wanaume tu, hivyo mwanamke amtumie kaka yake au baba mdogo. Cha mitokondria hufuata mama wa mama. Hivi viwili huona mstari mmoja mmoja. Ukirudi vizazi kumi una nafasi 1,024 za wahenga, na kila kimoja kinakusimulia mtu mmoja tu kati yao. Atakayekuambia "wewe ni wa asili fulani" kwa kromosomu Y peke yake amewasahau 1,023.

Lakini mistari hiyo ina kazi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu watu 80 waliozikwa hasa pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800 ulionyesha kwamba asili ya Kiajemi iliingia hasa kwa wanaume, na ya Kiafrika hasa kwa wanawake. Bila kutenganisha mistari hiyo miwili jambo hilo lisingeonekana. Kwetu, kipimo cha Y kinajibu swali moja la ukoo kwa uhakika: matawi mawili yanayosema yametokana na babu mmoja, lile la Chamwino na lile la Manyoni, je, wanaume wao wana mstari mmoja? Ikitokea hapana, rudi usome tena habari za Mtunya kabla ya kumwambia mtu si wa ukoo.

Hatua ya 6: Kikao, kabla ya kichupa

Mate ya mmoja yanawasema wote. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji wa miaka mingi kwa kupitia ndugu zake wa mbali waliokuwa wameweka DNA zao mtandaoni; yeye mwenyewe hakuwa ameweka. Kwa hiyo aliyenunua kisanduku hana haki ya kuamua peke yake.

Kaeni, na muulizane: ikionekana mmoja wetu si wa damu ya aliyemlea, tutafanya nini? Wahenga walishaliamua hilo kwa kusema kitanda hakizai haramu, na sioni kwa nini kampuni ya ng'ambo ifungue kesi upya. Ila kuna watu watakaotaka kujua, na wengine wasiotaka hata kidogo. Wasiotaka waheshimiwe, wasionyeshwe majibu hata kwa utani wa WhatsApp. Mtu mmoja, mwenye busara na mdomo mzito, apewe akaunti na awe wa kwanza kusoma. Watoto wasipimwe, wasubiri wakue waamue wenyewe.

Pia pigeni hodi ofisi ya Mkemia Mkuu muulize kama sampuli mnayotaka kuipeleka nje inahitaji kibali. Swali halina gharama.

Hatua ya 7: Kutema

Nusu saa kabla, usile, usinywe, usivute sigara, usitafune ubani wala kashata. Tema hadi mstari, mapovu hayahesabiwi. Funga ili dawa ya kuhifadhia imwagike ndani, tikisa, andikisha namba ya kichupa kwenye tovuti kabla ya kukifunga kwenye bahasha. Wakipima wawili siku moja, kila mmoja amalize na kufunga cha kwake kabla mwingine hajaanza. Usikiache kwenye dashibodi ya gari jua la Dodoma likikipiga.

Hatua ya 8: Kusoma majibu

Ruka ramani. Nenda kwenye orodha ya watu mnaofanana, angalia namba za sentimogani, kipimo cha urefu wa vipande mnavyoshirikiana. Mzazi na mtoto ni kama 3,400 au zaidi. Ndugu wa baba na mama mmoja huzunguka 2,600. Watoto wa ndugu hao kwa wao huzunguka 850, ila wanaweza kuteremka au kupanda mamia. Chini ya 8 achana nako, mara nyingi ni bahati tu.

Tatizo liko kwenye 1,750. Namba hiyo inaweza kuwa babu, mjomba, shangazi, mpwa, au ndugu wa baba mmoja mama tofauti. Kwenye familia za wake wengi, na ni nyingi huku, kompyuta itaandika chochote kati ya hivyo. Umri na maelezo ya wazee ndivyo vitakavyoamua, na hapa daftari la hatua ya tatu linarudisha gharama zake. Kuna pia uwezekano wa kukuta orodha tupu. Hiyo maana yake ni kwamba ndugu zako hawajapima, si kwamba huna ndugu.

Asilimia za asili zisome kwa ukubwa wa mabara na kanda zake kubwa. "Afrika Mashariki" ichukue. "Asilimia 3" ya nchi fulani iache ipite, hasa kama haionekani kwa ndugu yako mwingine aliyepima wala kwenye kampuni ya pili.

Hatua ya 9: Usiache mlango wazi

Nenosiri likivuja hubadilishwa. DNA haibadilishwi. Mwaka 2023 wadukuzi walipata taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo hivi, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mali zake, data za wateja zikiwemo, zikanunuliwa na taasisi inayoongozwa na mmoja wa waanzilishi wake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini kuishika kampuni iliyoko Marekani ukiwa Nkuhungu si jambo la wiki moja.

Basi washa uthibitisho wa hatua mbili. Kampuni ikiomba kutumia DNA yako kwenye utafiti, kataa kama hukuelewa masharti yake. Tumia herufi za kwanza badala ya jina kamili la mzee. Pakua faili ghafi la majibu, lihifadhi mahali pawili, kisha agiza sampuli iharibiwe. Kampuni kubwa zina kitufe cha kufanya hivyo kwenye mipangilio. Na mwandike leo, mzee akiwa hai na akili zake timamu, nani atakayesimamia akaunti yake siku asipokuwepo, na kama anataka ibaki au ifutwe.